Mchezaji wa Wawili Wawili

Ukimuuliza mtu wa mtaa wetu wa Kilakala nyumba ya Kocha iko wapi, atakuonyesha ukumbi. Nyumba yake ipo, ina vyumba vitatu na bafu la ndani, lakini mwenyewe hapatikani huko isipokuwa wakati wa kulala au wakati wa kuumwa. Makazi yake hasa ni ukumbi wa zamani wa jamii, ule unaovuja pembeni, na cherehani yangu ipo barazani pake tangu nilipoanza ufundi. Kwa hiyo nayajua maisha ya Kocha kuliko hao wanaojiita ndugu zake. Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, waulizwe wao.

Kazi yake ilikuwa kucheza badminton. Nasema kazi kwa sababu mwenyewe nilichelewa kuelewa. Mimi ni mtu wa mpira wa miguu, na niliposikia kwamba huyu mama amekula, amevaa na amejenga kwa kupiga kinyoya kwa raketi, nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Akaniangalia, akasema, "Fundi, wewe unakula kwa kutoboa vitambaa vya watu, mbona mimi sikucheki?" Tukawa marafiki kuanzia hapo.

Tena hakuwa mchezaji wa mmoja mmoja. Mchezo wake ulikuwa wa wawili wawili: wewe na mwenzako upande huu, wao wawili upande ule, neti katikati. Klabu moja ya Dar es Salaam ilimwajiri akiwa bado msichana mbichi, akawa anacheza kwa mshahara, wenzake wakicheza kwa nauli na soda. Akazunguka miji mikuu ya Afrika na mwenzake. Baadaye klabu ya nchi moja ya baridi huko Ulaya ikamchukua, akakaa misimu kadhaa, mpaka goti la kulia likakataa. Akarudi na begi la raketi, koti zito ambalo Morogoro halina kazi, na tabia ya kunywa chai bila sukari ambayo mtaa mzima uliilaani.

Ulaya hakupenda kuizungumzia. Ukimchokoza sana atakwambia habari za wenzake aliopangiwa kucheza nao. Kila msimu alikuwa na mwenzake mpya. Mmoja mzito wa miguu, mwingine mwoga wa neti, mwingine akikosea anaomba radhi mpaka mchezo unapoa. "Hakuna hata mmoja aliyenifaa," alisema, na mimi nikampa pole kwa kukutana na watu wabovu mfululizo.

Kama kuna kitu Kocha alikichukia kuliko kushindwa, ni upepo. Kinyoya ni chepesi, upepo kidogo tu unakipeleka kwa jirani, na upepo wa Uluguru unapoteremka jioni hauna adabu. Basi yeye akifundisha anafunga madirisha yote. Fikiria Morogoro, mwezi wa pili, watu ishirini wanaruka ndani ya ukumbi uliofungwa. Siku moja muuguzi mmoja aliyekuwa akija kupunguza unene alianguka, akamwagiwa maji, akafumbua macho, na neno lake la kwanza likawa, "Kocha, dirisha." Kocha akamjibu, "Pumzika, mwanangu. Dirisha tutafungua tukimaliza seti."

Vita vyake vikubwa vilikuwa na harusi. Ukumbi ule mwisho wa wiki hukodishwa kwa sherehe, na sherehe zina akina mama wenye visigino virefu vinavyokwangua mistari ya uwanja. Kocha alikuwa anakwenda kwenye sherehe hizo bila kualikwa. Anavaa gauni lake la bluu nililomshonea mimi, anabeba zawadi ndogo ili asifukuzwe, anakaa karibu na mlango akitazama miguu ya watu. Mara mbili nilimwona kwa macho yangu akimnong'oneza mshereheshaji, na mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kucheza pekupeku kunaleta baraka kwa maharusi. Watu wakavua viatu. Jumatatu yake alikuja barazani kwangu anacheka mpaka machozi.

Watu wa mbali walimwona mkali, na mkali alikuwa. Ila mke wangu alipofariki, Kocha alikuja kila jioni muda wote wa msiba na baada ya msiba, wakati wale wa pole nyingi walipokuwa wamesharudi kwao. Hakunihubiria. Alikaa kwenye benchi, akachukua zile suruali zilizokuwa zimelundikana, akawa anazitoa mishono ya zamani kwa wembe, taratibu, ili nikirudi kazini nikute zimeandaliwa. Ilikuwa jioni ya ngapi sijui, nikamwambia, "Kocha, nenda kafundishe, watu wanakusubiri." Akasema, "Wasubiri." Nampenda mtu huyu, na sioni haya kulisema.

Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wa kila aina: wafanyakazi wa kiwanda cha Mzinga wanaokuja baada ya zamu, walimu, mama ntilie wawili, shehe mmoja mwenye kisukari aliyeambiwa na daktari atoke jasho. Wote aliwafundisha wawili wawili, na wote aliwafundisha jambo lile lile. "Miguu kwanza, mkono baadaye." "Anayekimbilia kila kinyoya hafikii hata kimoja." "Msikilize mwenzako. Mwenzako ndiye jicho lako la mgongoni." Hilo la mwisho alilisema mara nyingi mno hata mimi huku barazani nililijua kwa sauti yake. Shehe alilipenda, nasikia alilitumia kwenye mawaidha ya ndoa.

Sasa njoo uone ajabu. Mwenyewe Kocha hakukubali kucheza na mtu. Wanafunzi wakimwomba aingie, anaingia peke yake dhidi ya wawili. Mama mwenye goti bovu, anaruka huku, anateleza kule, anafunika uwanja mzima, na anawashinda. Watu wanapiga makofi. Mimi nilikuwa naacha cherehani nakwenda kuchungulia dirishani, na kila mara nilirudi nafuta machozi. Niliona mtu anayeomboleza. Nilijua ile nafasi tupu ni ya nani.

Ilikuwa ya Zainabu. Picha yao ilikuwepo ukutani mwa ukumbi, wasichana wawili wembamba wameshika kikombe, mmoja anaangalia kamera na mwingine anamwangalia mwenzake. Zainabu ni Mluguru wa Kinole, huko juu mlimani kwenye ndizi na viungo. Walicheza pamoja Dar es Salaam miaka yao yote mizuri, na wanaojua mchezo waliniambia hapakuwa na jozi ya wanawake kama ile nchini. Kisha mama yake Zainabu akafa. Zainabu akarudi kuzika, akakaa, akatuma ujumbe kwamba harudi mjini: yeye ndiye binti pekee, na shamba la mama linamwita.

Msomaji asiyekaa na Waluguru huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Kwao ardhi hupita upande wa mama. Mume ndiye anayehamia kwa mke, na mjomba ndiye mwenye sauti. Binti akisema shamba la mama linamwita, mazungumzo yameisha. Hakuna mwajiri, hakuna rafiki, hakuna kiongozi wa klabu atakayemwambia aache. Kocha si Mluguru na hakubishana, ila alinung'unika maisha yake yote. Alimlaumu yule mjomba ambaye hakuwahi kumwona. Alizilaumu mila. Alisema Zainabu alizikwa hai chini ya migomba. Siku akiwa amechoka, anakaa kwenye benchi langu anasugua goti, anasema, "Fundi, mimi bila yule ni nusu mtu." Na mimi namwitikia, tunawalaumu Waluguru wote pamoja, hata fundi viatu wa jirani ambaye ni Mluguru anatuitikia.

Kila mwaka, sikukuu ya Idi, Kocha alimpigia simu. Waliulizana afya, watoto, mvua. Mwisho Kocha anauliza, "Mdogo wangu, unashuka lini tucheze hata kidogo?" Zainabu hakuwahi kusema sishuki. Alisema tutaona, na baada ya wiki unafika mfuko wa pilipili manga kwa dereva wa gari la ndizi. Jikoni kwa Kocha pilipili manga ilijaa kwenye makopo marefu ya vinyoya, ameyapanga kwenye rafu. Hakuila, kwa sababu pilipili inamtibua tumbo, lakini hakumpa mtu hata punje.

Mwaka huu ikaja habari ya mashindano ya maveterani Dar es Salaam. Wanawake waliopita miaka hamsini, wawili wawili. Waandaaji walimwomba Kocha kwa heshima zote acheze, na daktari wa goti akamwambia kwamba kama anataka kucheza mashindano, basi yawe haya, maana baada ya hapa goti linakwenda kufanyiwa upasuaji na mambo ya kurukaruka yatabaki hadithi. Kilichotakiwa kilikuwa jina la mwenzake. Mama ntilie mmoja, Mama Rehema, mwanafunzi wake bora, alijitolea. Kocha akamwambia asante, mwanangu, hapana.

Akaja kwangu asubuhi, amevaa ile tracksuit niliyompunguza kiuno. "Fundi, funga cherehani. Tunakwenda Kinole."

"Kufanya nini?"

"Kumtoa Zainabu kwa mjomba wake."

Nilimwambia mjomba huyo kama yu hai atakuwa na miaka mia. Akasema basi atakuwa mwepesi kumshinda. Tukachukua pikipiki mbili. Barabara ya Kinole ikinyeshewa ni utelezi mtupu, na mimi Mnyamwezi wa reli, baba yangu aliletwa huku na kazi ya treni, milima sikuizoea. Kocha mbele yangu alikaa wima na begi la raketi mgongoni, hajali makorongo. Nilifika nimeshika bega la dereva kwa mikono miwili, na dereva ananicheka.

Tuliacha pikipiki barabarani tukapanda kwa miguu kati ya migomba na mikarafuu. Kabla hatujafika uani nikasikia sauti ambayo, kwa miaka yangu yote barazani, siwezi kuikosea: kinyoya kinapigwa. Kocha naye aliisikia. Alisimama kwanza, mkono umeshika mgomba, kisha akaendelea kupanda taratibu.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba. Ardhi nyekundu imefagiwa, mistari imechorwa kwa majivu, na katikati imefungwa kamba ya mgomba yenye khanga mbili zimeanikwa. Watu wanne walikuwa wanacheza. Mmoja ni mwanamume wa makamo, pekupeku. Wawili ni wanawake majirani, vitenge vimekazwa kiunoni. Wa nne, mnene kidogo, kilemba kichwani, anacheka, alikuwa yule msichana wa kwenye picha ambaye haangalii kamera.

Akatuona. Kinyoya kikaanguka.

"Dada," alisema.

"Zainabu." Kocha alinyoosha kidole. "Hiki nini?"

"Neti."

"Hiyo khanga."

"Khanga inayofanya kazi ya neti, Dada. Karibuni mkae. Shikamoo."

Kocha hakuitikia shikamoo, na hilo peke yake lilinitisha. Yule mwanamume, ndiye mume wake Zainabu, alituletea viti na maji. Bibi mmoja aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni aliniuliza kabila langu, na niliposema akapiga kelele, "Mtani! Umenusa ndizi zetu kutoka Tabora?" Siku nyingine ningemjibu vizuri. Siku hiyo nilicheka nusu, nikarudisha macho kwa Kocha.

"Umeanza lini tena?" Kocha aliuliza.

"Sikuacha."

"Hukuacha?"

"Nilirudi hapa msiba haujaisha vizuri nikatafuta kamba. Nimewafundisha hawa. Mume wangu nilimwoa... tuseme alinioa, akiwa hajui raketi inashikwa wapi. Sasa ananitoa jasho."

"Na shamba la mama?"

"Si hili umelipita. Lipo. Migomba haikimbii."

"Mjomba wako si ndiye alikukatalia?"

Zainabu alikaa kwenye kigogo mbele yake, raketi mapajani. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira, ingekuwa rahisi kusikiliza. "Mjomba, Mungu amrehemu, aliniambia nenda kacheze, shamba tutakutunzia. Mimi ndiye niliyekataa, Dada. Nilikuwa nimechoka."

"Umechoka badminton?"

"Nimechoka kusimama. Wewe ulikuwa unacheza peke yako. Kinyoya kikija kwako, yangu. Kikija katikati, yangu. Kikija kwangu, mimi nimeshanyanyua mkono, nasikia nyuma, yangu! Nakupisha ili usiniangukie. Tulishinda, ndiyo. Watu wakanipa hongera, nikawa najiuliza hongera ya nini. Ile fainali ya mwisho niligusa kinyoya mara chache mno, hata jasho sikutoka."

"Tulishinda ile fainali," Kocha alisema, sauti imekuwa ndogo.

"Ulishinda."

Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Hapo ndipo yaliponijia yote niliyoyaona bila kuyaona: wale wenzake wabovu wa Ulaya, mmoja kila msimu, na mama yule anayefunika uwanja mzima peke yake huku sisi dirishani tunafuta machozi.

"Kwa nini hukuniambia?" Kocha aliuliza. "Miaka yote hii nawatukana watu wa kwenu."

"Ningekwambia ungebishana. Ungenionyesha vikombe. Nikasema shamba la mama, kwa sababu hilo hakuna anayelibishia." Zainabu alitazama chini. "Lakini nami nilikukosea. Kila Idi nilikuwa nataka kukwambia, nashindwa, nakutumia pilipili."

Kocha alinyanyuka. Nilijua anakwenda barabarani, na nilianza kutafuta kiatu changu nimfuate. Nilimjua vya kutosha: huyu ni mtu aliyebishana na daktari kuhusu goti ambalo daktari alikuwa amelishika mkononi. Alifungua zipu ya begi. Akatoa raketi, akaipiga piga kiganjani, akasimama kwenye ukingo wa majivu kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Niweke unapotaka," alisema.

Yule bibi mlangoni aliacha kumenya.

Zainabu alimtazama, kisha akamshika kiwiko na kumpeleka mbele, karibu kabisa na khanga. Hapo nieleze, maana hata mimi nilielezwa. Katika mchezo wa wawili, mmoja husimama mbele kwenye neti na mwingine nyuma. Aliye nyuma anaona uwanja wote. Aliye mbele anawaona wapinzani tu. Mwenzake yuko mgongoni kwake, na hana namna ya kumjua isipokuwa kumwamini. Kocha maisha yake yote ya kazi alicheza nyuma.

Walicheza dhidi ya mume na jirani mmoja. Mwanzoni Kocha alikuwa hovyo, sijawahi kumwona vile. Kila kinyoya kikipanda alirudi nyuma hatua kadhaa, akagongana na Zainabu, akaomba radhi, akarudi mbele. Mara nyingine akapiga kelele ile yake, "Yangu!", kisha akajiziba mdomo kwa mkono wenye raketi. Wakapoteza pointi mfululizo. Mume wa Zainabu alianza kupiga polepole kwa huruma, na Kocha akamkemea apige kama mwanamume.

"Dada," Zainabu alisema kutoka nyuma, kwa upole, "nipo."

"Najua."

"Hujui. Ila nipo."

Jirani akaanzisha. Wakapigiana chini chini juu ya ile khanga, Kocha akirudisha kwa kiganja kilicholegea vizuri, na hapo nikaona kwa nini watu walimlipa. Kisha yule mume alikisukuma kinyoya juu, juu sana, kikapita usawa wa migomba, kikaanza kushuka sawasawa na kichwa cha Kocha. Ilikuwa pigo lake. Mtu yeyote angesema ni pigo lake. Mkono wake wa kulia ulipanda wote, mguu mbovu ukavuta nyuma, na mdomo ukafunguka. Mkono ukasimama huko huko juu. Akaushusha. Akainama kidogo ili asizuie njia, macho yake kwa wapinzani, akakiacha kipite.

Nyuma yake raketi ya Zainabu ililia. Kocha hakugeuka kutazama.